Kabla ya mnada wa Jumamosi, someni hii

Wakuu habari za jioni, naona maswali kuhusu mnada wa sarafu za zamani yamekuwa mengi inboksi nikaona bora niandike hapa mara moja tumalizane. Loti (fungu la mnada) tunayoiwinda ni zile sarafu za heller 20 (heller ni kama senti za rupia ya Mjerumani) za 1916, zile za Tabora, Mjerumani alizigonga hukohuko kwenye karakana ya reli maana Vita ya Kwanza ya Dunia ilishabana na meli za kumletea pesa hazipiti, ndo maana zimekaa kienyejienyeji hivi, nyingine taji limepinda nyingine maandishi yamefifia upande mmoja. Cheki herufi T chini ya mwaka. Ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo nayo ni ya Tabora mwaka huohuo ila hiyo tuwaachie wenye hela zao jamani 😂

Sasa sikilizeni kwenye bei. Nyundo ya mnadishaji ikigonga kwa bei ya 100 hujamaliza, kuna kamisheni ya mnunuzi juu yake, wakichaji 25% ushafika 125, bado posta na ushuru, kwa hiyo piga hesabu kutoka nyuma na ukifika kikomo chako nyamaza. Na tusipandishiane bei wenyewe kwa wenyewe, anayeitaka aseme leo hapa.

Halafu ukiipata USIISAFISHE. Mimi yangu ya kwanza niliisugua na limau na majivu kama sufuria, ikang'aa kweli, kuipeleka sokoni hakuna aliyeitaka. Ile rangi ya kahawia ndo wanayolipia.

Majina mwisho saa tatu usiku.