Tusipige dairekti kisanduku cha muziki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaokodisha muziki wa harusi.

Nina kisanduku cha kugawia umeme kilichotoka Marekani pamoja na amplifaya zake. Kinataka volti 120, kwa hivyo kinapita kwenye transfoma inayoshusha umeme wetu wa 230. Kina soketi yenye vifungo viwili vidogo, kimoja cha kujaribia na kimoja cha kurudishia. Soketi hiyo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Zikipotea miliampea 5 tu, labda zinapita mwilini mwa mtu, inakata. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi zetu haina habari na kiasi hicho.

Masika iliyopita soketi ikaanza kukata hata pasipo kitu kilichochomekwa. Imekufa yenyewe. Lakini nilikuwa na harusi Bububu, alasiri imeshapita, nikamwambia fundi: piga dairekti, yaani umeme upite bila soketi ile ya kukata. Akatia soketi ya kawaida, waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, akaukunja pembeni. Usiku mwimbaji kavua viatu, majani yamerowa, akashika maikrofoni. Ukelele ule nausikia mpaka leo. Alhamdulillahi, mkono uliachia.

Kesho yake nikafungua kisanduku. Nyumba zetu za zamani, waya mwekundu ndio wa moto, unaoleta umeme, na mweusi ni wa nyutro, unaourudisha. Kwa Wamarekani mweusi ndio wa moto, mweupe ndio nyutro. Fundi alifuata mazoea yake, akapindua. Nyaya zimepinduka, ethi haipo, na mikisa yangu ya kizee, mashine ya kuchanganyia sauti, inavujisha: bati lake likapata umeme, ukafuata waya wa maikrofoni mpaka mdomoni mwa mtu. Simlaumu sana. Mie ndiye niliyemharakisha.

Soketi mpya niliagiza kwa shemeji yangu aliyeko huko, ya volti 120 na ampea zilezile za ya zamani. Safari hii sikuzima swichi tu, nilichomoa plagi ya transfoma ukutani. Testa niliijaribu kwanza kwenye soketi ninayojua ina umeme, ndipo nikapima kisanduku. Nikapiga picha nyaya kwa simu kabla ya kugusa skrubu. Mweusi kwenye skrubu ya rangi ya shaba, mweupe kwenye ya fedha, ethi kwenye ya kijani. Nyuma pameandikwa LINE na LOAD: umeme unaoingia ni wa LINE, LOAD ni ya kupeleka umeme mbele kwenye soketi nyingine. Ukiutia LOAD, soketi nyingine mpya zinagoma kuwaka, na baadhi ya zile za zamani zinawaka huku hazimlindi mtu. Halafu nikachomeka taa, nikabonyeza cha kujaribia, taa ikazima. Cha kurudishia, ikawaka.

Nilipochomeka mikisa, soketi ikakata. Sasa ilikuwa inasema kweli. Mikisa iko kwa fundi.

Kwa vyombo vya volti 230 kuna breka za miliampea 30 za kazi hiyohiyo. Wenye kumbi, kabla hamjatuachia tufunge muziki, tuambieni tubonyeze kifungo mbele yenu. Ni kazi ya sekunde mbili.

Baba harusi wa Bububu alinilipa nusu. Iliyobaki sikuidai.

Mkodishaji muziki,
Jang'ombe, Unguja