Hao si Ian Gillan na wenzake

Ndugu Mhariri,

Ni mwaka wa 22 sasa ninasoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia, hata nilipoona kosa, kwa kuwa niliamini wapo wajuzi kunizidi ambao wangelisahihisha. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu bendi kongwe za roki za Uingereza yamenifanya nishindwe kuendelea kunyamaza. Mlichapisha picha ya vijana watano wa Deep Purple na chini yake mkaandika kuwa ni Ian Gillan na wenzake walioanzisha bendi hiyo mwaka 1968. Gillan hayumo katika picha ile. Mwimbaji anayeonekana pale ni Rod Evans, na mpiga gitaa la besi ni Nick Simper. Hao ndio waliorekodi santuri tatu za mwanzo za bendi hiyo, pamoja na wimbo uliofika nafasi ya 4 Marekani mwaka huo huo wa 1968, wakati Gillan bado anaimba katika bendi nyingine, Episode Six.

Laiti kosa lingeishia kwenye picha, ningevumilia. Makala yote yameandikwa kana kwamba bendi ni ukoo, watu ni wale wale tangu siku ya kwanza hadi wanazeeka, na mwandishi wenu anasifu "sauti ile ile ya Deep Purple" kwa miaka yote. Haikuwapo sauti moja. Mwaka 1969 Ritchie Blackmore wa gitaa, Jon Lord wa kinanda na Ian Paice wa dramsi waliwachukua Gillan na mpiga besi Roger Glover kutoka Episode Six, wakafanya nao mazoezi kwa siri katika ukumbi wa Hanwell, magharibi mwa London, huku Evans na Simper wakiendelea kupanda jukwaani usiku bila kujua kwamba nafasi zao zimekwisha kujazwa. Mwaka 1973 Gillan na Glover nao wakaondoka, wakaingia mwimbaji David Coverdale na mpiga besi Glenn Hughes, ambao walileta ladha ya soul na funk ya Wamarekani weusi. Blackmore hakuipenda ladha hiyo, na mwaka 1975 akahama na kuunda bendi ya Rainbow pamoja na mwimbaji Ronnie James Dio. Coverdale alipounda bendi yake, Whitesnake, mwaka 1978, Lord alimfuata mwaka ule ule na Paice mwaka uliofuata, wakati Glover akiwa ameingia Rainbow kwa Blackmore. Dio akahamia bendi ya Black Sabbath, na baada ya yeye kutoka, aliyeimba katika santuri ya Black Sabbath ya mwaka 1983 alikuwa Gillan huyo huyo. Cozy Powell peke yake alipiga dramsi katika Rainbow, Whitesnake na Black Sabbath. Sasa mtu akiandika jina la bendi bila kutaja mwaka, msomaji ataelewa anasifiwa nani?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uzembe wa namna hii huwanyang'anya watu jasho lao. Mwaka 2016 Deep Purple ilipoingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki huko Marekani, Evans alitajwa na Simper akaachwa, ilhali santuri walizorekodi wote wawili ni zile zile tatu. Tommy Bolin naye hakutajwa, kijana aliyepewa kazi ngumu kuliko zote ya kukaa kwenye nafasi ya Blackmore, akafariki Desemba 1976 akiwa na miaka 25. Waheshimiwa wale wa jumba hilo walikuwa na kumbukumbu zote mbele yao. Na ninyi, ambao mnasomwa na vijana wasio na mahali pengine pa kuyasoma mambo haya kwa Kiswahili, mnachukua uso wa Evans na kuubandika jina la Gillan, na Simper mnamweka katika kundi la "wenzake".

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yamenifika. Nilifanya kazi miaka 19 katika karakana ya mabasi Birmingham, mji walikotoka Black Sabbath, na jioni moja nilinunua tiketi ya onyesho la bendi maarufu ambayo sitaitaja. Bango lilikuwa na picha niliyoifahamu tangu ujana wangu. Walipotoka jukwaani sikumtambua hata mmoja. Nilikuwa mstari wa pili, nikaona kwenye ngozi ya ngoma kubwa jina la bendi limepakwa kwa rangi mpya, na chini ya rangi hiyo herufi za jina jingine bado zikisomeka. Baadaye nilimuuliza aliyekuwa akiuza fulana mlangoni, akanijibu kwamba jina wanalitumia kihalali na mmoja wao aliwahi kupigia bendi hiyo miezi kadhaa. Nilirudi nyumbani kwa miguu, kwa kuwa nauli niliimalizia kwenye tiketi ile. Hadaa hiyo ina historia: mwaka 1974 meneja wa bendi ya Fleetwood Mac alidai jina ni mali yake, akapeleka Marekani kundi jingine kabisa, na Mick Fleetwood, mpiga dramsi wa bendi hiyo, ikambidi apigane mahakamani; na mwaka 1980 Rod Evans mwenyewe alizunguka na watu wasiohusika kwa jina la Deep Purple hadi mahakama ikamzuia.

Na kwa kuwa ninaandika kutoka Unguja, niseme na la bendi ya Queen. Kila mwaka mnatukumbusha kwamba mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa hapa mwaka 1946, na ni haki. Lakini katika miaka yote hiyo sijasoma kwenu hata aya moja kuhusu John Deacon, mpiga besi aliyejiunga mwaka 1971, aliyetunga baadhi ya nyimbo zao zilizovuma kuliko zote, na akajiondoa kimya kimya baada ya kifo cha mwenzake. Brian May na Roger Taylor, waliobaki katika bendi, walipomchukua mwimbaji Paul Rodgers mwaka 2004, aliyetokea bendi za Free na Bad Company, waliandika jina lake wazi kando ya jina la bendi, na wamefanya vivyo hivyo kwa mwimbaji aliyemfuata, Adam Lambert. Ikiwa wenye bendi wenyewe wanawaheshimu wasikilizaji kiasi hicho, gazeti linashindwa nini?

Ombi langu ni hili. Kila mnapotaja bendi ya aina hii, andikeni mwaka wa kikosi mnachokizungumzia na majina ya waliokuwemo, na chini ya kila picha majina yaanzie kushoto kwenda kulia, pamoja na mwaka ilipopigwa. Nasaba ya Deep Purple, Rainbow, Whitesnake na Black Sabbath nimeichora kwa mkono kwenye karatasi nne zilizounganishwa kwa gundi. Niko tayari kuileta ofisini kwenu ibandikwe ukutani karibu na meza ya mhariri wa burudani. Jumapili ijayo naomba picha ile ile irudiwe, na chini yake pasomeke: Rod Evans, Nick Simper, Ritchie Blackmore, Jon Lord na Ian Paice, 1968.

Msomaji wenu,
Kisiwandui, Unguja.