Barua ya wazi kwa Ba'mdogo, anayetaka kwenda India kuwekewa betri ya moyo

Shikamoo Ba'mdogo.

Jumapili kwenye kikao nilinyamaza. Uliposema, "Kaka yangu mlimpeleka India, mimi mnanipeleka Muhimbili," watu wote waliinamisha vichwa, na mimi mtoto sikuona pa kuingilia. Maneno yale yamekuwa yakiniamsha usiku. Nakuandikia hadharani, bila kukutaja jina, kwa sababu najua wapo wazee wengine walioshika barua ya rufaa mkono mmoja na hati ya shamba mkono wa pili, na watoto wao nao wamenyamaza.

Nianze na lile lililokuumiza. Hakuna aliyekuweka wewe na Baba kwenye mizani akakuona mwepesi. Mwaka 2013 tulimpeleka Baba Chennai, kule India, kwa sababu tuliambiwa ndiko atakakosaidiwa, nasi hatukujua mlango mwingine wa kubisha. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilikuwa haijaanzishwa. Ilianzishwa 2015, palepale Muhimbili, na leo kuweka betri za moyo, vile vifaa vidogo vinavyoutumia moyo umeme ili upige, ni miongoni mwa kazi zake. Daktari wa Hospitali ya Bombo, Tanga, alipokuandikia rufaa ya huko alikuwa anakupeleka kwa mabingwa wa moyo.

Siku ile ulituaga uwanja wa ndege, ukasimama mpaka ndege ikapaa. Safari uliyoiona wewe iliishia hapo. Iliyobaki Baba hajawahi kuisimulia, na nimemwomba ruhusa niisimulie mimi.

Kabla ya ndege kulikuwa na wiki tano za kusubiri: pasi, viza ya matibabu, viza yangu ya msindikizaji, kisha fomu ya shirika la ndege ambayo daktari alipaswa kusaini kwamba mgonjwa anaweza kusafiri angani. Wiki zote hizo moyo wake ulipiga mara 36 kwa dakika. Umeme wa moyo huanzia vyumba vya juu na kushuka vya chini. Wake ulikuwa umekatika njiani, vyumba vya chini vikawa vinajipigia vyenyewe, polepole. Ndiyo hali iliyoandikwa kwenye ECG yako, kile kipimo cha umeme wa moyo, Ba'mdogo. Ndiyo iliyokuangusha ukitawadha. Mtu mwenye hali hiyo anaweza kuzirai wakati wowote, na safari nyingine asiinuke. Mimi na Mama tulilala kwa zamu tukisikiliza pumzi zake. Tulipokuwa tukibadilisha ndege, Baba alizirai kwenye foleni. Nilikidaka kichwa chake kabla hakijagonga sakafu. Hatukukwambia.

Operesheni yenyewe ilikuwa ndogo kuliko hofu yetu. Walimchoma ganzi chini ya mtulinga wa kushoto, wakachana kidogo, wakapitisha waya mbili kwenye mshipa hadi ndani ya moyo huku wakizifuata kwa picha ya eksirei. Kile kiboksi cha betri, ambacho ukubwa wake haupiti saa ya mkononi, wakakiweka chini ya ngozi. Saa moja na nusu hivi, yakaisha. Lakini kwa ganzi ya aina hiyo mgonjwa yuko macho. Baba alilala pale akiwasikia wanaongea Kitamili, hajui wanachosema, hajui kama wanasema mambo yanakwenda vizuri au vibaya. Anasema alisoma Ayatul Kursi mpaka akapoteza hesabu. Mimi nilikuwa nje ya mlango, sikuruhusiwa kuingia. Huwa nafikiria: ingemchukua nini mtu mmoja kumwambia tu, "Mzee, tulia, tumefika"?

Maelezo ya kuondoka nayo tulipewa kwa haraka. Tukiwa ndani ya ndege ya kurudi, Baba akanyanyua mkono wa kushoto kuweka begi lake juu. Nilimrukia. Mgonjwa huambiwa asiinue mkono wa upande ule kupita bega, wala asibebe kitu kizito, kwa wiki nne hadi sita, ili waya zishike vizuri ndani ya moyo. Ukiuinua mapema waya unaweza kuchomoka mahali pake, na ndipo unarudi tena mezani. Mimi nilikuwa nimeisoma kwenye karatasi; Baba hakuna aliyekuwa amemwambia kwa lugha anayoielewa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Betri ya moyo huwekewi ukaagana na hospitali. Inatakiwa isomwe miezi michache baada ya kuwekwa, kisha kila baada ya miezi sita au mwaka: daktari anaweka kifaa juu ya ngozi, kompyuta inamwonyesha chaji iliyobaki, hali ya waya, na jinsi moyo ulivyopiga. Na kila kampuni inayozitengeneza ina kompyuta yake. Ya Medtronic haisomi betri ya Boston Scientific, wala ya Boston Scientific haisomi ya Abbott. Kule Baba alikotibiwa hakuna aliyetuuliza nyumbani kuna mashine ya kampuni ipi, nasi hatukujua kwamba kuna swali la kuuliza. Tulirudi na kadi ndogo yenye jina la kifaa na namba zake. Ikapotea tulipohama nyumba.

Mwaka 2022 kizunguzungu kikarudi. Betri ilikuwa imetimiza miaka tisa, umri wa kawaida kwa betri kuanza kuchoka. Tulipofika Dar, daktari akauliza, "Ni ya kampuni gani?" Tukatazamana. Ilibidi apigwe eksirei ya kifua ili waitambue betri kwa umbo lake na alama zake, kisha tukasubiri mashine yake ipatikane. Hatimaye waliibadilisha hapa hapa. Safari hii Baba alilala mezani akipiga soga na nesi wa Korogwe. Waya za zamani zilikuwa bado nzima, kwa hiyo walibadilisha kiboksi tu. Kwa hiyo, Ba'mdogo, huyo kaka yako unayesema alipelekwa India, betri iliyomo kifuani mwake leo imewekwa Dar es Salaam.

Uliniuliza kando, sauti ya chini, betri ikiisha ndiyo mwisho? Hapana. Haizimiki ghafla kama taa. Inaonyesha dalili mapema, na ndiyo maana inasomwa. Mtu wa kwanza kuwekewa kifaa hiki mwilini alikuwa Msweden, Arne Larsson, mwezi Oktoba 1958 mjini Stockholm. Cha kwanza kilidumu saa chache tu. Alibadilishiwa zaidi ya mara 20, akaishi hadi 2001, akafa kwa saratani akiwa na miaka 86, baada ya daktari aliyempasua na mhandisi aliyekitengeneza kifaa kuwa wamekwisha kutangulia.

Na lile lingine, kwamba roho itashindwa kutoka kwa sababu betri inaendelea kupiga: nilimuuliza daktari. Siku ikifika, moyo hauitikii tena umeme, hata betri ikiutuma. Haizuii siku aliyoipanga Mwenyezi Mungu, wala haizuii maziko.

Ukisikia yote haya na bado ukataka India, nitakwenda nawe, na hutasikia neno kwangu. Ila kwanza tuwaulize wa Dar wanasoma betri za kampuni zipi, na huko tuombe ya kampuni hiyo. Viza ya msindikizaji tuombe mbili, mtu mmoja hatoshi, nilijaribu. Tusipande ndege kurudi kabla kidonda hakijakaguliwa. Ripoti iandikwe aina ya betri, aina ya waya, namba zake na mipangilio yote, na kadi nitaipiga picha siku hiyo hiyo. Na kabla ya yote, daktari wa moyo aseme kama unaweza kuruka. Kwa mapigo 38 kwa dakika kama yako, kuna wanaohitaji waya wa muda wa kuusaidia moyo upige, unaopitishwa shingoni, hata kabla ya kufikiria safari. Wiki tano tulizosubiri na Baba sitaki kuzisubiri nawe.

Shamba la Pangani usiliuze kwanza. Mnunuzi akipiga simu, mwambie azungumze nami.

Bombo wamekubali kukuleta Dar kwa gari la wagonjwa siku ya Alhamisi, pamoja na nesi, kwa sababu hawataki ukae saa sita kwenye basi. Njoo na barua ya rufaa, kadi ya bima na ile karatasi ya ECG, hata kama imekunjamana. Dawa zako zote zifunge kwenye mfuko mmoja. Mimi nitakuwa getini. Baba naye anakuja. Nimemwambia abaki nyumbani, amekataa. Anasema wewe ulimsimamia uwanja wa ndege mpaka ndege ikapotea machoni, yeye atakaa kwenye benchi nje ya chumba mpaka utoke.