Barua ya wazi kwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Australia

Mheshimiwa Milton Dick,

Nakuandikia kwa heshima na taadhima, nikiwa mzaliwa wa Tanzania na sasa raia na mpiga kura wa Australia, kuhusu kura za Baraza ambazo majina ya wabunge hayaandikwi.

Kupiga kura hapa si hiari. Tangu 1924 sheria inatulazimisha, na asiyetokea bila sababu ya maana hutozwa faini ya dola 20. Sheria hiyo naipenda. Lakini nikishalazimishwa kuchagua, nina haki ya kujua niliyemchagua anafanya nini akifika Canberra.

Kwa mwaka mzima nimekuwa na daftari la mbunge wangu. Nikitoka kazini usiku, nyumba ikishatulia, nasoma Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, na kujaza safu nne: tarehe, muswada, alichosema, kura yake. Tatu za kwanza hazina shida. Ya nne ina mapengo mengi. Mwanzoni nilimdhania mtoro, kumbe siku hizo hakuna jina la mbunge yeyote lililoandikwa.

Mheshimiwa Spika, sababu unaijua. Unauliza kama Baraza linakubali, wabunge wanajibu kwa sauti, nawe unatangaza upande ulioshinda. Nimekua nikisikiliza Bunge la Dodoma redioni, "wanaoafiki waseme ndiyo", kwa hiyo utaratibu huo si mgeni kwangu. Mwenye sauti nzito husikika kama watu watatu, na aliyenyamaza hajulikani. Ni mpaka wabunge zaidi ya mmoja wadai kuhesabiwa ndipo kengele hulia dakika nne, milango ikafungwa, wanaokubali wakakaa kulia kwako na wanaokataa kushoto, majina yakaandikwa. Siku hizo safu yangu ya nne hujaa.

OpenAustralia Foundation hukusanya kura hizo za majina ili wananchi wazisome, kazi ninayoishukuru sana, lakini nao hawawezi kukusanya kisichoandikwa.

Najua Kanuni za Kudumu, zinazoongoza shughuli za Baraza, hubadilishwa na Baraza lote, si wewe peke yako. Wala siombi kengele zilie kwa kila jambo dogo. Naomba uiandikie Kamati ya Utaratibu ilitazame hili: muswada unaposomwa mara ya tatu, hatua ya mwisho ndani ya Baraza, majina yaandikwe hata kama hakuna anayepinga. Wabunge ni 150. Orodha yao haizidi kurasa chache.

Mbunge anatakiwa kutangaza maslahi yake, zikiwemo zawadi, na yakibadilika atoe taarifa ndani ya siku 28. Kwa hiyo naweza kujua nani kampa tiketi ya mpira, nisijue alisimama wapi sheria ya wapangaji au ya wagonjwa ilipopita. Kwangu mimi, kura yake ina uzito kuliko tiketi.

Binti yangu atapiga kura kwa mara ya kwanza uchaguzi ujao. Juzi aliniomba daftari, akalifunua, akaniuliza mbona kuna mapengo. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe. Akaniambia, "Basi mwandikie Spika."

Wako mtiifu,
Raia na mpiga kura