Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wavuvi

Ndugu wanachama, Assalaam aleikum.

Doria, usafi wa diko letu la kushushia samaki, na mikutano minne ya kikatiba vimefanyika kama mnavyojua. Mapato shilingi 1,460,000, matumizi 1,395,000, wanachama 71, waliomaliza ada 26.

Nije kwenye lile linalosemwa barazani, kwamba mwenyekiti ameiuza bahari kwa kusaini kwenye kikao cha tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wa gesi. Karatasi niliyosaini ilikuwa na safu tatu: jina, kijiji, saini. Ni mahudhurio tu. Chini yake niliandika kwa mkono wangu kwamba wavuvi tupewe ratiba ya meli ya utafiti kabla haijaingia, maana majarife, zile nyavu kubwa, ya wenzetu watatu yalikatwa usiku na maboya hayakuonekana tena. Nisingekwenda, maneno hayo angeyaandika nani?

Mliotaka tususie, nawaheshimu. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ndiyo inayotaka tathmini hiyo ifanywe na wananchi washirikishwe. Ukisusa, wenzio wanaendelea na kikao. Gesi ya Songo Songo inakwenda Dar es Salaam tangu 2004. Haya si mambo mageni kwetu.

Niliuliza pia: anayekagua usalama huko baharini ni nani, na anamwajibikia nani? Mwaka 2010, Ghuba ya Mexico, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka, watu 11 wakafa, mafuta yakamwagika siku 87. Ofisi ya serikali iliyokusanya mapato ya mafuta ndiyo hiyo hiyo iliyokagua mitambo. Baadaye Wamarekani waliivunja, ukaguzi ukapewa chombo chake. Nikajibiwa kwamba kwetu Sheria ya Petroli ya 2015 imeunda PURA, mamlaka ya serikali ya kusimamia utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi. Nikaomba wakaguzi wafike na huku dikoni, watuone. Nililisema hilo peke yangu, kwa kuwa wajumbe watano tuliokubaliana twende pamoja hawakutokea.

Nauli ya kwenda huko, shilingi 84,000, niliitoa bila kikao cha chama kwa sababu barua ya mwaliko ilifika siku mbili kabla. Risiti ninazo.

Mkutano wa mwisho tulikuwa 14. Imeniuma sana. Chama cha watu 14 kitasikilizwa na nani?

Mwakani, Mungu akijalia, tutatafuta mwanasheria, na ikiwezekana taa za maboya. Ada mpelekeeni mhazini. Yupo dikoni kila Ijumaa baada ya sala.

Mwenyekiti