Salim, kabla hujaivaa hiyo bastola

Houston, Texas

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi, na poleni na kuhama. Nimefurahi kusikia mmefika Fort Worth salama na kazi umeshaanza. Swali lako la bastola nimeona si la kujibu kwa ujumbe wa simu. Umewaona watu dukani wananunua maziwa na bastola iko kiunoni wazi, na wewe sasa unataka yako.

Ni kweli, Texas inaruhusu. Tangu Januari 2016 mwenye leseni anaweza kuibeba ikionekana, na tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na kuendelea, asiye na katazo la kisheria, hahitaji hata leseni, mradi ikae ndani ya ala yake. Hapo ndipo wengi wetu hujisahau, kwa sababu ruhusa ya jimbo haifuti sheria ya shirikisho, na hiyo ndiyo inayotubana sisi wageni. Wewe una kadi ya ukaazi wa kudumu, unaruhusiwa. Shemeji yako mnayeishi naye yuko kwa viza ya masomo: haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa kwa mianya michache kama ile ya leseni ya uwindaji. Kwa hiyo ukinunua bastola, nunua na kasha la kufungia, ufunguo ukae kwako, na asiishike hata kwa picha ya kuwatumia wa nyumbani. Wewe mwenyewe ukitiwa hatiani kwa kosa la silaha, unaweza kurudishwa Mombasa na kadi yako mfukoni. Mmarekani akimaliza adhabu yake anarudi kwake, basi.

Leseni ichukue ingawa hulazimishwi. Sheria ya shirikisho inakataza bunduki ndani ya futi 1,000 kutoka shule, na anayesamehewa ni mwenye leseni ya jimbo. Hebu niambie, mjini hapo utapita njia gani usikaribie shule!

Ukishakuwa nayo, jifunze kusoma milango. Bango la 30.07 (namba ya kifungu cha sheria ya Texas), maandishi makubwa kwa Kiingereza na Kihispania, linamkataza mwenye leseni kuingia na bastola inayoonekana, 30.06 linakataza iliyofichwa. Ukiona 51% kwa rangi nyekundu, hapo ni baa, usikanyage nayo. Posta vilevile, hata maegesho yake. Mwenye duka akikwambia utoke, toka, usimsomee katiba, kwa sababu ukigoma faini inageuka kosa la kufungwa. Walmart wao, baada ya mauaji dukani kwao El Paso mwaka 2019, waliwaomba wateja wasiingie na silaha za wazi hata pale sheria inapokubali.

Adabu yenyewe iko mkononi. Usiipapase, usiirekebishe mbele za watu, usiitoe kumwonyesha mtu. Kwenye foleni upande wenye bastola uelekee mbali na mwenzako. Chooni usiiweke juu ya tangi la maji wala usiitundike mlangoni. Iache ndani ya ala yake, maana kuna wanaozisahau humo. Na mkigombania nafasi ya kuegesha gari, usipandishe shati ili aione. Kuionyesha kwa nia ya kutisha watu ni kosa.

Polisi akikusimamisha, washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani, useme unayo kabla hujagusa pochi, kisha usubiri akuambie la kufanya. Hata hivyo Philando Castile kule Minnesota, Julai 2016, alikuwa na leseni na alimwambia askari kwamba ana silaha, akapigwa risasi akafa. Askari aliachiwa huru na mahakama. Ndiyo maana yangu huwa chini ya shati. Mzungu akitembea nayo wazi watu wanaona ni haki yake. Mimi na wewe tutapigiwa simu ya polisi, 911. Na jambazi akiingia dukani, ataanza na yule anayemwona ana bastola.

Harusini mwezi ujao usije nayo kabisa. Watoto wetu wana tabia ya kukumbatia watu kiunoni.

Darasa la leseni huchukua muda wa saa nne hadi sita kwa jumla, pamoja na jaribio la kulenga shabaha. Ukipata Jumamosi huru njoo huku kwangu, twende uwanjani upige risasi kadhaa kwanza kwa bastola yangu, ndipo uamue kununua.

Msalimie sana shemeji na watoto.

Nduguyo,
Athumani