Nimwamshe binti yangu kwa ibada, au nimwache alale?

Bwana Yesu asifiwe, ndugu mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani Kariakoo, naishi Gongo la Mboto. Nimekulia Rungwe, ambako wamisionari wa Kanisa la Moravian walifika mwaka 1891, na kwetu siku haikuanza bila neno la kalenda ya kanisa, yenye mistari ya Biblia ya kila siku. Baba alikuwa anawasha koroboi, anasoma mistari miwili ya siku, wa Agano la Kale na wa Agano Jipya, anaomba, anachukua jembe. Hakutuita. Tulijisogeza wenyewe kuota moto, tukasikia. Nilipokuja kujua kwamba kalenda ile imekuwa ikichapishwa tangu 1731, ilipoanzia Herrnhut, Ujerumani, na kwamba watu wa nchi nyingi wanaamka na neno lilelile, nilizidi kuipenda.

Hicho ndicho nilichotaka wanangu wakipate. Ila Dar si Rungwe. Binti yangu yuko kidato cha tatu, na asipofika kituoni saa kumi na moja alfajiri atahangaika, makonda hawapendi kupakia wanafunzi. Kwa hiyo ibada nimeiweka saa kumi. Naamsha nyumba nzima, tunasoma kwa zamu.

Mwezi uliopita zamu ilikuwa yake. Alisoma amejifunga kanga, jicho moja limefumba, tukaitikia amina, akaenda kuoga. Mchana kazini nikafungua kalenda nimwonyeshe mwenzangu neno la siku. Silo nililolisikia asubuhi. Binti alisoma la jana yake! Tulikuwa watu watano pale, neno la jana, na hakuna aliyegutuka, hata mimi niliyewaamsha. Nilishika mkasi nikashindwa kukata kitambaa.

Jioni nikamuuliza kwa upole. Akasema, "Mama, naogopa tu usinifokee. Kinachosomwa hata sikisikii." Mtoto huyu hajawahi kunijibu vibaya, ndiyo maana lilinichoma.

Mume wangu anasema niwaache, mwenye kiu atakwenda kisimani mwenyewe. Namwelewa, lakini jiji hili nalijua. Danieli aliomba mara tatu kwa siku akiwa ugenini Babeli, na hakuanza siku ile alipotishiwa simba. Yalikuwa mazoea yake tangu zamani. Nataka wanangu wawe nayo kabla shida haijawakuta.

Kazini nako natuma neno la siku kwa WhatsApp kila asubuhi. Wengi hawafungui. Ila fundi mmoja alipofiwa na mama yake alinifuata, akaniomba nimtumie tena neno la siku ile ya msiba. Basi siwezi kusema ni kazi bure.

Naomba ushauri, hasa kwa wazazi ambao watoto wao wanasoma mbali. Niihamishie ibada usiku baada ya chakula, japo baba yao hurudi saa nne? Au nisome peke yangu sebuleni kwa sauti kama alivyofanya baba, atakayependa asogee? Na akisogea, nimtieje moyo bila kumgeuzia tena kuwa sheria?

Jumatatu zamu inamrudia binti yangu, na bado sijaamua kama nimwamshe.

Mama wa Gongo la Mboto,
Dar es Salaam